Sundok Hakuwa Mgeni Dolsaem

Mtu akikwambia anaijua Shule ya Msingi ya Dolsaem, muulize kwanza yeye ni Buluu au ni Mweupe. Akisita kujibu, mwache aende zake. Huyo alipita getini tu akitafuta choo.

Incheon nzima hakuna shule iliyogawanyika kama ile. Kutoka sokoni unapanda ngazi za mawe mpaka karibu na geti, na ngazi hizo ndizo mpaka. Waliozaliwa vichochoro vya juu ni Buluu, waliozaliwa vichochoro vya chini ni Weupe, na ukishakuwa Buluu utazikwa Buluu, hata uolewe na Mweupe, hata uhamie Seoul ukanunue ghorofa lenye lifti. Kuna ndugu wawili wa tumbo moja pale mtaani, mmoja alizaliwa kabla wazazi hawajahama kwenda juu na mwingine baadaye. Mwaka mzima wanapendana. Siku ya michezo hawakai mkeka mmoja.

Sundok alikuwa Buluu. Karibu anatimiza miaka themanini, mfupi, miguu imepinda kidogo kwa nje, sauti yake ukiisikia asubuhi huhitaji saa ya kukuamsha. Anauza tofu, yale mabonge laini ya soya, na machipukizi yake pale sokoni, mahali palepale mama yake alipouzia, na hakuna aliyewahi kumpunja wala kumshinda kwa maneno akaondoka na amani.

Shule aliianza vita vikiwa vimekwisha lakini matundu ya risasi bado yako ukutani. Wanajeshi walikuwa wameyakalia madarasa na hawakuwa na haraka ya kutoka, kwa hiyo darasa la kwanza walisomea kilimani chini ya turubai, kila mtoto na gunia lake la kukalia alilotoka nalo nyumbani. Mvua ikinyesha, masomo yamekwisha. Siku waliyorudishiwa majengo, watoto walikuwa wengi mpaka wakasoma kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana, na wa mchana waliyakuta mabenchi yangali na joto la wenzao. Maziwa ya unga ya msaada walipikiwa kwa mvuke yakawa mabonge magumu kama sabuni. Ulikwangua kwa meno njia nzima mpaka nyumbani, na usiku tumbo nalo likasema lake.

Lakini kitu kilichomfanya Sundok aipende shule ile kufa na kupona kilikuwa sakafu. Korido ya Dolsaem ilikuwa ya mbao, ndefu, na kila Jumamosi watoto waliisugua. Walileta vipande vya mishumaa kutoka nyumbani, wakapaka nta, kisha wakapiga magoti kwa mstari mmoja, makalio juu, viganja juu ya matambara makavu, na mwalimu akipuliza filimbi wote wanasukuma mbio mpaka mwisho wa korido. Mbao zikang'aa mpaka ungejiona meno. Ndiyo hapo Mwalimu Bang alipomwona mtoto mmoja wa kike amewaacha wenzake nusu ya korido, amefika ukutani, amegeuka, anawatukana wanaochelewa.

"Huyu anakwenda hivi kwa magoti," Mwalimu Bang akasema. "Hebu tumsimamishe tuone."

Wakamsimamisha. Wakaona.

Mwalimu Bang alikuwa na mtindo wake wa mbio za kupokezana vijiti, na mpaka leo wazee wa Dolsaem utawatambua kwa mtindo huo. Anayesubiri kijiti haruhusiwi kugeuza shingo. Anatazama mbele, mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, na anasikiliza miguu ya anayekuja. Aliyegeuka alichapwa kwa fimbo ya mwanzi kwenye mashavu ya miguu, Buluu au Mweupe, mwalimu hakubagua.

Sundok alipofika darasa la tano akachaguliwa mkimbiaji wa mwisho wa Buluu. Heshima hiyo hata watoto wa darasa la sita waliililia. Vichochoro vya juu kila mtu alijua. Fundi viatu alimshonea raba zake upya bure. Basi michezo ikawa inakaribia, mama yake akaanza kukohoa damu. Baba hakuwa amerudi kutoka vitani na hakurudi tena. Mdogo wake alikuwa hajafika umri wa shule. Sundok akamshika mtoto mkono, akashuka ngazi, akakaa mbele ya beseni la machipukizi, na shuleni hakurudi tena.

Siku ya michezo alikuwa hapo hapo chini, akipima na kufunga, huku ngoma inalia juu yake. Alisikia kelele za mbio za mwisho zinapanda, zinapanda, halafu zinapasuka. Alizijua sauti. Zilikuwa za Weupe. Aliyewafikishia kijiti alikuwa Gwak Okhui, mtoto wa mwenye duka la dawa, msichana wa shingo ndefu na soksi safi, ambaye kwenye mazoezi hakuwahi hata mara moja kumwona Sundok isipokuwa kisogoni.

Tangu siku hiyo watu wa juu wakawa na msemo wao kila Weupe walipotamba: angekuwepo Sundok. Ameolewa wanasema hivyo, amezaa wanasema hivyo, amekuwa mjane, amekuwa bibi, bado wanasema. Sundok aliusikia akaendelea kupima. Na Okhui naye aliusikia, maana soko lile ni moja na masikio ni yaleyale.

Sasa vuli hii shule ikatimiza miaka mia. Watoto waliobaki ni wachache mno, shule nzima ungeiingiza kwenye darasa moja la enzi za Sundok na nafasi ikabaki. Chama cha wahitimu kikaamua kufanya siku ya michezo ambayo haijapata kuonekana, na kilele kiwe mbio za kupokezana za vizazi. Dolsaem mbio hizo huanza na watoto na kumalizwa na vikongwe wa kike. Waliziweka hivyo zamani kwa makusudi, ili asiwepo wa kuondoka kabla wazee hawajakimbia.

Na hapo ndipo Buluu walipokwama. Mwanamke wa kumalizia hawakuwa naye. Mmoja alikuwa amelazwa, mwingine mwanawe amemchukua Busan, wa tatu ametiwa chuma magoti yote mawili na hata ngazi za kanisani anapanda kinyumenyume. Habari zilipofika sokoni, Sundok alimwachia jirani tofu zake, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kwenye kikao.

Kikao kilikuwa juu ya mgahawa wa tambi. Mwenyekiti wa chama alikuwa Pyo Geunsik, daktari wa meno, Mweupe, mtu mpole wa nywele zilizopakwa rangi. Alimkaribisha kwa mikono miwili, akamsogezea mto wa kukalia. Sundok akasema amekuja kujiandikisha. Pyo akachezea kijiko. Akaeleza kwa maneno mengi mazuri kwamba wakimbiaji lazima wawe wahitimu, kila mtu na mwaka wake wa kuhitimu, na yeye dada yetu, kwa bahati mbaya, mwaka hana.

"Geunsik," Sundok akasema, "wewe jino la kwanza limekutoka nikiwa nimesimama pale, ukalia mpaka ukajikojolea. Mimi nakwambia nimesoma Dolsaem, unaniambia mwaka?"

Watu wakainamia tambi zao ili wasicheke. Pyo akawa mwekundu mpaka masikioni lakini hakulegea. Sheria hakuitunga yeye, alisema. Akimruhusu huyu, kesho atakuja aliyesoma siku tatu.

Okhui alikuwepo. Yeye ndiye mmaliziaji wa Weupe, nani mwingine, mjane wa hakimu, mgongo wima, kila asubuhi anazunguka bustani na fimbo mbili za kutembelea milimani. Akapangusa midomo yake taratibu.

"Mwacheni akimbie," akasema.

Pyo akaanza tena habari ya sheria.

"Mwanangu, tangu niko na miaka kumi na mbili nasikia angekuwepo Sundok. Siku ya harusi yangu nimeisikia. Msibani kwa mume wangu nimeisikia, watu wamebeba vikombe vya pombe. Mlete huyo mwanamke uwanjani nimshinde, nikafe nimepumzika."

"Utakufa umechoka," Sundok akamwambia.

Wakabishana mpaka tambi zikaganda. Mwishowe Pyo akapata njia ya katikati, kama kawaida ya watu wapole. Sundok atakimbia, ila atakimbia kama mgeni mwalikwa. Atavaa kadi kifuani iliyoandikwa hivyo. Buluu watakuwa na mkimbiaji, sheria itakuwa haijavunjwa, kila mtu atafurahi.

Sundok hakufurahi. Alishuka ngazi za mgahawa na neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mgeni. Ameuza tofu mita chache kutoka geti la shule ile maisha yake yote, ametoa watoto watatu wakasoma humo, na yeye mgeni. Binti yake Haengja, ambaye ndiye mpiga ngoma wa Buluu na mwoga kuliko wote, alimsihi aache, akamkumbusha nyonga, akamkumbusha dawa za presha. Sundok akamjibu kwamba nyonga ni zake. Atakimbia, atamshinda Okhui mbele ya wote, halafu waone kama wataweza kumwita mgeni tena.

Siku yenyewe jua lilitoka kali na upepo baridi kidogo, hewa ya kukimbia hasa. Uwanja ulijaa mahema mpaka ukutani. Masufuria ya supu ya nyama yalichemka mekundu kwa pilipili, mikeka imetandikwa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchoma, wali uliokunjwa ndani ya mwani, na pombe ya mchele ikizunguka kwenye mabakuli kabla hata saa nne haijagonga. Watu walikuja kutoka Daejeon, kutoka Ulsan, mmoja kutoka Brazili. Wazee wenye magongo walitambuana wakapigana makofi ya mgongoni mpaka meno ya bandia yakacheza.

Asubuhi watoto walirushia vifuko vya mchanga yale mapira makubwa ya karatasi yaliyotundikwa juu ya milingoti, na la Buluu likapasuka kwanza, riboni zikamwagika. Weupe wakalipiza kwenye kuvuta kamba. Wakaenda hivyo, huku na huku, mpaka mchana alama zikawa sawasawa kabisa. Zikabaki mbio za vizazi. Haengja alikuwa amepiga ngoma mpaka mikono imevimba.

Sasa lazima nieleze vitambaa. Vitambaa vya kichwani vya Dolsaem vimeshonwa pande mbili, buluu huku na nyeupe kule, ili kimoja kimfae mtoto yeyote. Kazi yako ni kujua upande wako tu. Sundok alikifunga chake buluu nje, akakikaza mpaka nyusi zikapanda. Alivaa suruali yake ya maua ya sokoni, na kifuani kadi: Mgeni. Okhui alikuwa na suti ya michezo aliyonunuliwa na mwanawe. Alikuwa anatoka jasho kwa wasiwasi, ingawa angekana. Akakivua kitambaa chake, akafutia uso, akamkabidhi mkwewe miwani, akakifunga tena upesi maana mbio zilikuwa zimeshaanza. Hakutazama. Hakuna aliyetazama. Watoto walikuwa wanapita kama risasi na kila jicho liko kwao.

Buluu walipoteza hatua kwa watoto, wakazirudisha kwa vijana, wakazipoteza tena kwa akina mama wa makamo ambapo mmoja alijikwaa kwenye kandambili ya mtu. Kisha akapokea Deokpal. Huyu alikuwa dereva wa lori, miaka sitini na ushee, amezaliwa vichochoro vya juu lakini amekulia Ulsan, amefika alfajiri ile na hakumjua bibi yeyote kati ya wale. Aliambiwa kitu kimoja: mwisho wa njia utamkuta bibi mwenye kitambaa cha buluu, mpe. Mwili mkubwa vile, lakini mbio anazo. Alimpita Mweupe kwenye kona, akamwacha mbali, jasho limemjaa machoni, uwanja mzima umesimama.

Mbele yake mabibi wawili wamempa migongo, mikono nyuma, viganja wazi, shingo hazigeuki. Mwalimu Bang amekufa zamani lakini fimbo yake wanaikumbuka. Na vichwani mwao, vitambaa viwili. Vyote buluu.

Deokpal akampa wa karibu.

Okhui alisikia miguu, akahisi kijiti, akakibana, akaondoka. Haki yake mpe, aliondoka kama kuku aliyemwona mwewe. Sundok akabaki na kiganja kitupu anamtazama akienda na kijiti cha Buluu. Akapiga kelele kwamba hicho ni chetu, wewe mwanamke, rudisha. Ngoma ya binti yake mwenyewe ikaimeza sauti.

Mkono alikuwa hajaurudisha mbele. Alisahau. Na nyuma yake akasikia miguu mingine, inakuja mbio, na anayekuja, mwalimu mstaafu wa Weupe, aliona amebaki bibi mmoja tu, hakuuliza. Kijiti kikatua kiganjani.

Sundok hakuhitaji kutazama rangi. Alijua. Alikuwa amesimama mbele ya geti la mambo yote aliyoyataka, na mkononi ameshika kijiti cheupe. Akikimbia akashinda, wanashinda Weupe. Mtu mwenye akili zake angekaa pale pale akamwita mwamuzi.

Lakini Okhui alikuwa anaondoka. Kisogo cha Okhui, mbele yake, kwa mara ya kwanza maishani. Miguu ya Sundok haikungoja shauri. Viatu vya mpira vikabaki nyuma kwenye chokaa, yeye akaenda na soksi.

Uwanja ulichanganyikiwa namna ambayo haijapata kutokea. Buluu walimwona bibi wa kitambaa cha buluu anaongoza wakamshangilia, halafu wakaona ni Okhui wakanyamaza, halafu wakaona kijiti ni chao wakashangilia tena. Weupe walimwona Sundok anamfukuza mtu wao wakamzomea, kisha mtu akapiga ukelele kwamba kijiti alichoshika ni cheupe, wakajikuta wanamwita kwa jina, Sundok, Sundok, midomo yao wenyewe haiamini. Haengja akapoteza mpigo. Akawa anapiga ovyo kama anatwanga.

Kwenye kona ya bembea Sundok alikuwa nyuma hatua kadhaa. Nyonga ilikuwa inawaka, kifua kinapuliza. Hakuona mahema, hakuona watu. Aliiona korido, mbao zinang'aa, na mtu mmoja wa kumpita. Kwenye kona ya mwisho akaanza kuisikia pumzi ya Okhui, na Okhui akaisikia yake. Ndipo mwanamke yule, aliyechapwa na Mwalimu Bang mara moja tu maishani, akageuza shingo. Bila miwani aliona maua tu yanakuja.

"Nani huyo?" akauliza.

"Si ulisema angekuwepo Sundok?" Sundok akamjibu, akampita.

Alikata utepe kwa kifua na kadi yake ikapinda. Okhui akafuata, urefu wa mkono nyuma. Wakaangukiana, wakashikana mabega wasidondoke, wanahema kama mbwa kwenye joto la Agosti. Halafu uwanja ukalipuka.

Mwamuzi alikuwa mwalimu kijana wa mazoezi ambaye hakuwa Buluu wala Mweupe, maskini. Akasema kinachohesabiwa ni kijiti. Kijiti cheupe kimefika kwanza, Weupe wameshinda. Weupe wakarusha kofia. Buluu wakavamia mstari. Muuza nyama, fundi viatu mjukuu wa yule wa zamani, akina mama wa kichochoro cha Sundok mwenyewe aliowakopesha tofu, wote wanapiga kelele neno moja. Mgeni. Huyu ni mgeni, mbio za mgeni hazihesabiwi, futeni, cha kwanza ni cha Buluu.

Na aliyepiga kelele kuliko wote, kirungu cha ngoma mkononi, alikuwa Haengja.

"Mama ni mgeni," alisema. "Someni wenyewe, imeandikwa kifuani."

Sundok alimtazama bintiye. Kilimwingia kile.

Sasa mtazame Pyo Geunsik. Mgeni akifutwa, Weupe wanapoteza siku ya miaka mia mikononi mwa mwenyekiti Mweupe. Mgeni akikubaliwa, yeye ndiye aliyemwandikia kadi. Alishika kipaza sauti, akakohoa, akasema kwamba dada Sundok, kwa kweli, kwa kufikiria vizuri, amesoma hapa, tena muda mrefu, na chama kimekuwa kikimhesabu daima kama mmoja wetu. Buluu wakamzomea mpaka spika ikalia. Juzi ulisema hana mwaka, wakamwambia. Leo amewakimbilia, ana mwaka?

Daktari wa watu akaona hana pa kutokea. Akateremka, akamwendea Sundok palipo na soksi zake zilizotoboka, akainama kwa heshima, akamnyooshea kipaza sauti.

"Dada, sema mwenyewe. Wewe ni mgeni, au ni mwanafunzi wa shule hii?"

Kelele zikafa. Hata masufuria ungeyasikia. Kila Buluu mle uwanjani alimtazama Sundok, na Haengja akamtazama zaidi, akitikisa kichwa kidogo, akimwomba. Neno moja tu, mama. Sema mgeni, na vichochoro vyote vya juu vitakubeba mabegani mpaka nyumbani.

Sundok alimaliza kuhema kwanza. Hakutaka sauti itetemeke mbele ya Okhui.

"Nimekalia gunia pale kilimani wanajeshi wakiwa humu ndani," akasema. "Korido ile nimeisugua kwa magoti haya. Mimi ni mwanafunzi wa Dolsaem. Na leo nimekuwa wa kwanza. Weupe wachukue ushindi wao, mimi changu ninacho."

Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, rudi kwenye ngoma yako. Mama yako ameshinda."

Nikikwambia Buluu walifurahi nitakuwa mwongo. Wengine walikaa chini kabisa. Muuza nyama alitupa kofia yake kwenye supu ya watu. Lakini akatokea mzee mmoja wa Buluu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikwa kikohozi, na kicheko kile kikazunguka uwanja kama moto kwenye nyasi, juu na chini wakichekea kitu kimoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale tangu shule ianze. Haengja alisimama na uso wa mvua. Kisha akaenda, akapiga ngoma, kwanza kwa hasira, halafu vizuri.

Okhui alikuwa ameletewa miwani. Akaivaa, akatazama kijiti mkononi mwake, akavua kitambaa, akakigeuza pande zote mbili.

"Kwa hiyo mimi nimewakimbilia Buluu," akasema polepole. "Damu ya baba yangu, nimewakimbilia watu wa juu."

"Na bado umechelewa," Sundok akamwambia.

"Mwakani tunarudia. Kila mtu na kijiti chake."

"Ukiwa hai."

"Nitaishi kwa hasira tu, utaona."

Pyo aliitoa kadi kwa mkono wake mwenyewe, pini ikamchoma kidole, Sundok akasema ni haki yake. Wahitimu wa mwaka ule ambao angehitimu nao, waliobaki, wanane au tisa hivi, wakamwita kwa jina kutoka mkekani mwao, njoo ule, viazi vinapoa, ulikuwa wapi siku zote. Akaenda. Akakaa katikati yao, Buluu na Weupe mkeka mmoja, akala mayai matatu, akanywa mabakuli mawili, akawarekebisha wote waliposimulia vibaya habari za Mwalimu Bang.

Zawadi kwa wakimbiaji wa washindi zilikuwa mabeseni mapya ya plastiki, mekundu, makubwa. Okhui alidai moja kwa kuwa yeye ndiye Mweupe wa kuzaliwa. Sundok alidai kwa kuwa yeye ndiye aliyefika. Mwamuzi kijana akampa Sundok, akakimbia kujificha kwenye chumba cha walimu.

Jioni akalibeba kichwani kupanda vichochoro vya juu, soksi tupu, viatu ndani ya beseni. Milango ilifunguliwa. Wakamwita msaliti, wakamwuliza Weupe wamempa na mume pia, wakamwambia tofu zake kesho atakula mwenyewe. Yeye aliwajibu mmoja mmoja, hakuruka nyumba. Haengja alimfuata kwa mbali kidogo na ngoma begani, ili watu wasidhani wako pamoja, lakini njia ilipokuwa na mteremko mbaya alisogea akamshika kiwiko.

Asubuhi yake Sundok alishuka sokoni mapema, akaosha machipukizi, akayamwaga yote ndani ya beseni jekundu, akaliweka mbele kabisa. Wateja wa juu walipita wametazama pembeni. Saa tatu hakuna. Saa nne hakuna. Kuelekea mchana akaja mke wa muuza nyama, akasimama, akayatazama, maana machipukizi mazuri vile hayapatikani kwingine na supu ilikuwa imeshatelekwa nyumbani.

"Nipimie," akasema. "Ila usinitolee kwenye beseni hilo."

"Nakutolea humo humo," Sundok akasema, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akamjazia.